Rangi za kampuni, marubani wa mwingine: jinsi nilivyopoteza kazi ya urubani Marekani

Nilipoteza kazi ya urubani nikiwa na afya njema, leseni safi na mitihani yote nimefaulu. Hakuna ndege niliyoigonga wala abiria aliyeandika barua ya malalamiko juu yangu. Na safari zenyewe hazikufutwa zote. Nyingi ziliendelea kwenda miji ileile, karibu saa zilezile, kwa ndege zilizopakwa rangi za kampuni yangu. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye usukani. Alikuwa ameajiriwa na kampuni nyingine, kwa mshahara usiofika nusu ya wangu.

Vijana wa nyumbani huniuliza mambo mengi kuhusu urubani wa Marekani: shule ipi nzuri, ada kiasi gani, saa ngapi za kuruka ndipo upate kazi. Ni maswali ya msingi na huwa nayajibu. Lakini lipo swali ambalo sijawahi kuulizwa hata mara moja, na ndilo lililoamua maisha ya familia yangu kwa miaka kadhaa: mkataba wa marubani wa kampuni hiyo unasemaje kuhusu nani anaruhusiwa kurusha abiria wake?

Mimi ni mtu wa Moshi. Nilifika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa bahati nasibu ya grini kadi, nikasomea urubani Florida kwa mkopo, nikafundisha wanafunzi kuruka ili nijaze saa, kisha nikaajiriwa na shirika la kanda. Haya ni mashirika yanayorusha ndege ndogo kutoka miji midogo kupeleka abiria kwenye viwanja vikubwa. Wakati ule ilikuwa ndege za viti 50, Bombardier na Embraer. Mwaka wa kwanza mshahara wangu haukufika dola 20,000. Nililala kwenye chumba cha kupanga karibu na uwanja, vitanda vya deka, marubani tunapishana zamu, friji ina vyakula vilivyoandikwa majina. Hatukulalamika sana. Kila mmoja alijua pale ni mapito: unavumilia, unapata ukapteni, halafu kampuni kubwa inakuita.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Kampuni kubwa inauza tiketi, inapanga nauli na ratiba, na mara nyingi ndiyo inayogharimia mafuta. Shirika la kanda linaleta ndege, marubani na wahudumu, na linalipwa kwa kila safari au kila saa liliyoruka, ndege ijae au iwe tupu. Ni kama tajiri mwenye njia ya daladala anayeandika jina lake ubavuni mwa gari, anakusanya nauli zote, halafu dereva na konda ni wa mtu mwingine aliyeshinda zabuni kwa bei ya chini. Abiria anaona jina kubwa tu. Yale maneno madogo karibu na mlango, yanayosema nani hasa anaendesha safari, ni wachache wanaoyasoma.

Kwa nini marubani wa kampuni kubwa waliliruhusu jambo hili? Mwanzoni lilionekana dogo. Ndege za viti 19 au 30 kwenda vijijini hakuna aliyezitaka. Kwenye mkataba wa hali bora kukawa na kifungu ambacho marubani wote hukiita skopu. Kinasema ndege za ukubwa gani, na ngapi, zinaweza kurushwa na watu wa nje kwa jina la kampuni. Zikija ndege za jeti za viti 50, kifungu kikalegezwa. Baada ya Septemba 11, 2001, maelfu ya marubani wakapoteza kazi, na kampuni zikaanza kukimbilia mahakama ya ufilisi: US Airways mwaka 2002 na tena 2004, United Desemba 2002, Delta na Northwest siku moja, Septemba 14, 2005. Sheria ya ufilisi ya Marekani inampa mwajiri nafasi ya kumwomba jaji avunje mkataba wa wafanyakazi. Ukikaa mezani na mtu mwenye silaha hiyo, hujadiliani naye kama mlivyozoea. Mishahara ikakatwa, pensheni zikafutwa au kusimamishwa. Mwaka 2005 pensheni za United zilikabidhiwa shirika la serikali linalodhamini pensheni, na marubani wengi wakaambulia sehemu tu ya walichoahidiwa. Na skopu ikafunguliwa tena, ikafika viti 70, kisha 76.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Mshahara uliokatwa unaweza kuudai tena mkataba ujao. Ndege ya viti 76 iliyokwenda nje hairudi, kwa sababu kuna kampuni imeshainunua, imeajiri watu na ina mkataba wa miaka mingi. Nilikutana na kapteni mzee aliyekuwa akikaribia kustaafu, akaniambia waliuza skopu ili kuokoa pensheni, halafu pensheni nayo ikaenda. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akaendelea kujaza fomu ya mafuta. Nilikuwa rubani msaidizi wake siku hiyo. Sikuwa na la kumjibu.

Maana wakati huo nilikuwa nimeshaingia kampuni kubwa. Niliajiriwa baada ya dhoruba ya ufilisi kutulia, nikapewa namba kwenye orodha ya ukongwe. Namba hiyo ni uhai wako wote. Ndiyo inayoamua unarusha ndege gani, unakaa mji gani, unapata Krismasi nyumbani au la, lini utakuwa kapteni, na nani anatoka kwanza kazi zikipungua. Haihami. Ukiacha kampuni moja ukaenda nyingine, hata uwe na saa 10,000, unaanzia mkiani.

Desemba 2007 sheria ikabadilika, umri wa kustaafu ukatoka miaka 60 hadi 65. Siwalaumu wazee, wengi wao pensheni zilikuwa zimeyeyuka na walihitaji ile miaka mitano. Ila kwetu wa mkiani orodha iliganda, hakuna aliyetoka juu. Julai 2008 pipa la mafuta likafika karibu dola 147, kisha uchumi ukaanguka. Uongozi ukatangaza kuegesha ndege nyingi za kampuni. Tukaelezwa kwamba ni hali ya soko, haina mtu wa kulaumiwa. Lakini nilikuwa naangalia ratiba. Ndege yetu ya viti zaidi ya 120 iliyokuwa ikienda mji fulani mara mbili kwa siku ilipoondolewa, njia ile haikufa. Zikawekwa ndege za kanda, mara tatu au nne kwa siku. Soko halikupanga ratiba ile. Iliamuliwa na watu ofisini, na kifungu cha mkataba kiliwaruhusu.

Barua ilikuja kwa posta ya kusainiwa. Mke wangu ndiye aliyeipokea. Niliporudi alikuwa ameiweka juu ya meza bila kuifungua, akaniuliza jambo moja tu: "Bima ya watoto inaisha lini?" Namshukuru mpaka leo kwa swali lile. Mimi kichwani nilikuwa na hasira na namba yangu, yeye alikuwa tayari kwenye yaliyo muhimu.

Nami nawaanzishia hapohapo. Marekani bima ya afya inafuata kazi. Kazi ikiisha kuna sheria, inaitwa COBRA, inayokuruhusu kubaki kwenye bima ileile kwa hadi miezi 18, lakini sasa unalipa mwenyewe sehemu yako na ile aliyokuwa akilipa mwajiri, na asilimia 2 juu yake. Kwa familia ni pesa ya kutisha. Una siku 60 za kuamua kujiunga, na ukijiunga ndani ya muda huo inahesabika tangu siku bima ya zamani ilipokoma. Waliokuwa na afya walisubiri waone kama kuna haja. Sisi tulikuwa na mtoto mwenye pumu, tukajiunga mara moja. Mwaka 2009 serikali ikaleta nafuu ya kulipia asilimia 65 kwa muda kwa waliopunguzwa kazini, na wapo wenzangu walioikosa kwa sababu hawakusoma karatasi walizotumiwa. Soma kila karatasi. Fungua dai la fao la kukosa kazi wiki hiyohiyo. Wapo ndugu zetu wanaoona haya, wanadhani ni sadaka. Ni bima ambayo mwajiri ameilipia kwa ajili yako.

Jambo la pili, leseni yako isilale. Ukishapita miezi michache bila kuruka, kila mwajiri anakuona wa zamani. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinadumu miezi 12 kama hujafika miaka 40, miezi 6 ukishafika. Kilipie hata kama huna kazi, maana simu ya usaili haingoji upate daktari. Weka nakala za daftari la saa za kuruka sehemu mbili, na chukua kumbukumbu zako za mafunzo na mitihani kabla beji haijazimwa. Siku ya mwisho tulikuwa tukizuiwa kuingia kwenye mifumo ya kampuni saa chache tu baada ya zamu kuisha, na aliyekuwa hajapakua kumbukumbu zake alilazimika kuziomba kwa barua na kungoja.

Kazi nyingine zilikuwepo, nyingi mbali. Wenzangu walikwenda Ghuba, China, Korea, India, kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu. Nilifikiria pia kurudi nyumbani. Niliulizia. Leseni ya Marekani haikufanyi urushe ndege ya abiria Tanzania au Kenya kesho yake. Kuna mitihani ya sheria za anga ya nchi husika, vipimo vya afya kwa daktari wao, na mwajiri awe tayari kukungoja. Inawezekana, lakini anza kuiulizia ukiwa bado na mshahara.

Mwishowe nilirudi kwenye mashirika ya kanda. Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nalo liliniumiza kuliko ile barua. Baadhi ya mashirika ya kanda yalimtaka rubani aliyepunguzwa kampuni kubwa asaini kwamba anaacha namba yake ya ukongwe kule, ile inayompa haki ya kuitwa kurudi kazi zikipatikana. Waliogopa wakufundishe kwa gharama zao halafu uitwe uondoke. Rafiki yangu mmoja alisaini. Alikuwa na rehani ya nyumba na watoto wawili, sitamhukumu. Mimi nilizungukazunguka nikiishi kwa akiba na kwa kazi ya kubeba mizigo usiku kwenye ghala, mpaka nikapata shirika lisilodai sahihi hiyo. Mshahara ukarudi kule nilikotoka miaka ya nyuma. Kama unaweza kuvumilia kwa njia yoyote ya halali, usiitoe namba yako. Aliyesaini, kampuni ilipoanza kuita watu, hakuitwa.

Nitaeleza asubuhi moja tu ya kipindi kile. Shirika nililokuwa nimeingia lilikuwa na mkataba na kampuni iliyonipunguza. Nikapangiwa safari kwenye njia niliyowahi kuiruka nikiwa na sare ya kampuni kubwa, kutoka geti lilelile. Nilisimama mlangoni kusaidia, kwa sababu kwenye ndege ile masanduku hayaingii juu ya viti na lazima yachukuliwe chini. Mzee mmoja akanipa sanduku lake akasema, "Nimekuwa mteja wa kampuni yenu miaka ishirini." Alikuwa akitazama rangi za mkia. Nikamwambia karibu, asante kwa kuwa nasi. Alikuwa amelipa nauli ya kampuni kubwa. Rubani alikuwa yuleyule, mwenye uzoefu uleule pamoja na miaka niliyoongeza. Tofauti ya bei kati ya mimi wa zamani na mimi wa siku ile ilikwenda mahali fulani, na haikwenda kwa yule mzee.

Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, shirika la kanda lililokuwa likiruka kwa jina la Continental, ilianguka karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Uchunguzi ulieleza makosa ya marubani, na kwenye vikao vya hadhara nchi nzima ikasikia pia kuhusu uchovu, kusafiri usiku kucha kwenda kazini, na mishahara midogo ya rubani msaidizi. Sisi tuliokuwa kwenye vile vitanda vya deka hatukushangazwa na lolote. Familia za waliokufa ndizo zilizokwenda Washington mara kwa mara mpaka sheria ikapita mwaka 2010. Kuanzia 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500, na Januari 2014 zikaanza kanuni mpya za mapumziko. Mishahara ya kanda ilianza kupanda miaka iliyofuata, marubani walipokuwa adimu. Ninawaheshimu sana wale wafiwa. Walifanya kazi ambayo sisi wenye sare hatukuweza kuimaliza.

Lakini msidhani rubani wa kanda ndiye adui. Nilikuwa pande zote mbili na naijua njaa ya kule. Yeye naye yumo kwenye mnada. Shirika la kanda likikaa miaka mingi, watu wake wanapanda ngazi za mshahara na linakuwa ghali. Kampuni kubwa inahamishia ndege kwa lingine lenye vijana wapya. Marubani wa Comair waligoma siku 89 mwaka 2001 kudai mishahara bora, na walipata nyongeza. Comair ilikuwa mali ya Delta. Ndege zake zikapunguzwa mwaka hadi mwaka, na Septemba 2012 ikafungwa kabisa. Mwaka 2020, wakati wa korona, United iliyapima mashirika mawili yaliyokuwa yakiirushia ndege za viti 50, ikachagua CommutAir. ExpressJet, iliyoachwa, ikasimamisha safari zake mwisho wa Septemba mwaka huohuo. Trans States na Compass, nazo za kanda, zilikuwa zimeshafunga Aprili. Kapteni wa miaka ishirini wa shirika lililofungwa hana orodha ya kurudi. Anaanza upya popote atakapopokelewa.

Kwa hiyo kijana ukienda usaili, uliza haya, na kama unaona haya kuuliza kwenye chumba cha usaili, waulize marubani kantini. Mkataba wa shirika na kampuni kubwa unaisha mwaka gani? Ndege ni mali ya shirika au ya kampuni kubwa? Kama ni za kampuni kubwa, zinaweza kuondolewa kwa karatasi moja. Je, kuna makubaliano ya maandishi ya kupanda kwenda kampuni kubwa, au ni maneno ya kwenye vipeperushi? Na ukishafika kampuni kubwa, mkataba mpya ukiletwa kupigiwa kura, usianze na jedwali la mishahara. Kifungu cha skopu mara nyingi ndicho cha kwanza kwenye kitabu, na ni kigumu kusoma. Tafuta namba za viti, uzito wa ndege, idadi ya ndege zinazoruhusiwa nje, na ushirika wa safari za kimataifa, kwa sababu sasa hata safari za kuvuka bahari zinaweza kurushwa na mshirika wa nje kwa jina lenu.

Nyumbani pia mambo haya yapo, kwa sura nyingine. Kenya Airways ilianzisha Jambojet, iliyoanza kuruka Aprili 2014, na mwaka 2016, ilipokuwa kwenye madeni, ilikodisha Boeing 777 kwa Turkish Airlines na 787 kwa Oman Air. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya au mzuri, sikuwa kwenye vitabu vyao vya hesabu. Nasema ndege ikikodishwa bila marubani wake, kazi yao imekwenda nayo. Rubani wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kuuliza kwenye chama chake: ndege ikikodishwa, au ikikodiwa ikaja na marubani wake, mkataba wetu unatulinda vipi?

Kuhusu nyumbani kwako mwenyewe: usinunue nyumba kwa mshahara wa ukapteni ukiwa bado rubani msaidizi. Ukisikia tetesi za kuegesha ndege, acha kutuma pesa kwa ahadi za miezi ijayo. Hili ni gumu kwetu. Nilikuwa nalipia karo za wadogo zangu wawili, na kumpigia mama simu kumwambia mwanao wa Marekani amesimama kazi kulinichukua muda kuliko kumwambia mke wangu. Mama aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, hao wadogo zako wana mikono." Walitafuta kazi za likizo, mmoja akaahirisha muhula. Wote walimaliza.

Niliitwa kurudi baada ya miaka, kampuni ilipoanza tena kuhitaji watu. Wito nao huja kwa barua ya kusainiwa, kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu za kampuni, na ina tarehe ya mwisho ya kujibu. Sisi tulikuwa tumehama mara mbili kufuata kodi nafuu. Kila tulipohama, kabla hata ya kufungua maboksi, nilituma anwani mpya kwa kampuni na kwa chama, na nikangoja wanithibitishie kwa maandishi. Fanyeni hivyo. Ninawajua waliokuwa Asia wakati barua zao zilipofika kwenye nyumba ambazo hawakuwa wakiishi tena, na muda wa kujibu ukapita.